Ukuta wa Sebule Unalia, na Kampuni Inataka Shilingi 185,000

Kwako Mzee Mshauri,

Natumai u mzima. Nakuandikia nikiwa nimechoka, kwa hivyo nisamehe nikirukaruka.

Tunaishi Nyamasaria, hapa Kisumu, kwenye nyumba tuliyojenga wenyewe mwaka 2019. Ni ya matofali ya kuchoma, imepigwa plasta ndani na nje, paa ni la mabati. Kwa miaka mitano haikutusumbua hata kidogo. Kisha yakaja mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Kwetu maji yalifika kwenye ngazi ya mlango, ila hayakuingia ndani. Mume wangu, ambaye kazi yake iko Nairobi, aliapa kwamba hatutalala tena na hofu hiyo. Akaleta malori ya maramu, tukainua uwanja mzima, tukaweka kabro. Ukija kwetu sasa utapapenda. Gari halikwami, matope hakuna, na kuingia mlangoni huhitaji tena kupanda ngazi.

Masika yaliyofuata ndipo taabu ilipoanza. Chini ya ukuta wa sebule, upande wa mbele, rangi ilivimba malengelenge kama ngozi iliyoungua. Ukiyagusa yanapasuka na unga mweupe unamwagika. Fundi wa kwanza alikwangua akapaka rangi upya, na baada ya miezi miwili yakarudi. Wa pili alipaka rangi ya mafuta, akasema hiyo maji hayapenyi. Yakarudi. Wa tatu alibomoa plasta mpaka kimo cha goti, akapiga nyingine iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji. Hiyo plasta yake haijabanduka mpaka leo, ni ngumu kama jiwe, lakini unyevu umepanda ukaipita. Zamani uliishia gotini, sasa uko pajani, na pana mstari wa kahawia unaokwenda ukuta mzima.

Chumba cha watoto nacho kina lake. Ukuta wake mmoja unapakana na bafu. Hapo pana doa la mviringo, usawa wa kifua changu, lisilo na mstari wala unga mweupe, na halijali mvua wala kiangazi. Pembeni, nyuma ya kabati, kumeota kuvu nyeusi. Kijana wangu wa miaka 4 anakohoa usiku na kifua kinapiga mluzi. Daktari alimpa dawa ya kuvuta, akaniuliza kama nyumba yetu ina unyevu. Sikuweza kumjibu, nilitokwa na machozi.

Jirani akanielekeza kwa kampuni moja. Kijana wao alikuja na kifaa chenye sindano mbili. Kila alipokichomeka kililia na taa ikawa nyekundu: sebuleni, kwa watoto, hata kwenye ukuta wa katikati ya jikoni na korido ambao sijawahi kuuona umelowa. Akasema nyumba za Kisumu zote zinanyonya maji kwa sababu ya udongo mweusi na ziwa lililopanda, na kwamba dawa pekee ni kutoboa kuta zote na kuzidunga kemikali. Bei ni shilingi 185,000, nusu wanaitaka kabla ya mwisho wa mwezi huu wa Mei. Mume wangu yuko tayari kutuma. Jirani mwingine anasema ni chumvi ya ziwa, haina dawa. Na mama mkwe, ambaye alizaliwa karibu na hapa, anasema tulijenga mahali palipokuwa na matete, na kwamba maji hayasahau njia yake.

Nilipe? Na kama nisilipe, nimwambie nini mume wangu, ambaye haoni ukuta huu ila kwa picha za simu?

Mama wa watoto watatu, Nyamasaria

*

Mama, usilipe. Si kwamba dawa ya kudunga ni uongo, ina mahali pake na nitapafikia. Lakini maji yanayoingia sebuleni kwako hayajapita pale wanapotaka kutoboa. Njia yao umeitaja mwenyewe katika barua yako: kuingia mlangoni huhitaji tena kupanda ngazi.

Nyumba yenu ilipojengwa, fundi alitakiwa kulaza juu ya msingi ile karatasi nyeusi ya lami ambayo mafundi wote huiita DPC. Tofali la kuchoma linavuta maji kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta, na karatasi hiyo kazi yake ni kuukata utambi. Katika nyumba nyingi za kwetu hulala juu ya slabu, chini ya tofali la kwanza, yaani karibu sawa na sakafu. Na kanuni ya zamani, ambayo sijawahi kuona ikivunjwa bila hasara, ni kwamba ardhi ya nje ikae angalau sentimita 15 chini yake. Mlipoinua uwanja mliirundika maramu juu ya DPC, ikaegemea matofali ambayo hayakukusudiwa kugusana na udongo. Maji hayana haja ya kupanda kutoka chini ya msingi. Yanaingilia ubavuni, juu ya kizuizi, kama mwizi anayeruka ukuta wakati askari analinda geti.

Tazama na tarehe zako, kwa sababu tarehe zinasema kuliko kifaa chochote. Udongo mweusi mlikuwa nao tangu 2019. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likahamisha watu ufukweni, na ukuta wako ulikuwa mkavu. Lililobadilika kati ya ukuta mkavu na ukuta unaolia ni moja tu, maramu na kabro. Simlaumu mume wako. Mwanamume aliyeona maji mlangoni usiku na watoto wamelala ndani hawezi kukaa kitako, na kuinua uwanja ni jambo ambalo watu wengi wa uwanda wa Kano wamelifanya. Shida ni kwamba uliinuliwa mpaka ukagusa ukuta.

Kuhusu chumvi ya ziwa, mwambie jirani kwa upole kwamba ziwa letu ni la maji baridi, si kama lile la Nakuru lenye magadi. Ule unga mweupe unatoka kwenye udongo, kwenye matofali yenyewe na kwenye saruji. Maji yanaiyeyusha chumvi, yanaibeba mpaka usoni mwa ukuta, yanakauka na kuiacha hapo. Inapoganda chini ya rangi inaisukuma, ndiyo malengelenge yako.

Hata hivyo sitaki uniamini kwa barua tu. Nataka upime, tena kwa vitu ulivyo navyo nyumbani.

Anza na mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao fundi hutumia kusawazisha msingi. Ujaze maji mpaka kusiwe na povu hata moja. Ncha moja mtu aishike ndani ya mlango, nyingine wewe uishike nje ukutani. Maji yatasimama sawa ncha zote mbili. Ndani, pima kutoka usawa wa maji mpaka sakafuni. Nje, pima kutoka usawa huohuo mpaka kwenye kabro. Toa ndogo kwenye kubwa. Kabro ikiwa chini ya sakafu kwa sentimita 15 au zaidi, mimi nimekosea na uniandikie tena. Ikiwa ni 5, au 2, au sifuri kama ninavyohofia, umeshamjua mwizi. Ukiwa hapo, mwambie fundi abandue plasta ya nje kiasi cha kiganja, usawa wa sakafu, ili uione hiyo DPC kwa macho. Nasisitiza hili. Kuna nyumba zilizojengwa bila hiyo karatasi, au ikawekwa nailoni ya mkate badala yake, na ukikuta haipo mazungumzo yanabadilika.

Kisha chukua penseli. Chora juu ya ule mstari wa kahawia, andika tarehe. Lizungushie penseli na lile doa la chumba cha watoto. Kila baada ya mvua kubwa angalia kama maji yamevuka. Daftari la wiki tatu la namna hiyo ndilo ningependa kila mwenye nyumba awe nalo kabla hajamwita fundi.

Sasa kile kifaa cha sindano mbili. Hakipimi maji. Kinapima jinsi umeme unavyopita kati ya sindano moja na nyingine, na vifaa vya aina hiyo vilitengenezwa kwanza kwa ajili ya mbao. Kwenye mbao kinasema kweli. Kwenye plasta yenye chumvi kinapiga kelele hata pakiwa pakavu, kwa kuwa chumvi inapitisha umeme. Kinafaa kulinganisha sehemu na sehemu ya ukuta uleule, basi. Kilipolia kwenye ukuta wa jikoni ambao haujalowa kamwe, kilikuwa kinakueleza habari za kifaa, si za ukuta. Kijana wa haki angesimama hapo akajiuliza. Yeye aliuongeza ukuta huo kwenye hesabu.

Ukitaka kipimo ambacho hata mahakamani kingesimama, ni mizani na moto. Kwa tindo na nyundo toa vipande vya ile saruji iliyo kati ya matofali, si plasta, kiasi cha gramu 200 kila mahali: sentimita 10 kutoka sakafuni, 50, 100 na 150. Usitumie mashine ya kutoboa, joto lake linakausha unachotaka kupima. Kila kimoja kifunge hapohapo kwenye mfuko wa nailoni, uandike kimo. Toa na kingine kwenye ukuta wa jikoni, kiwe shahidi. Pima uzito, kisha umwombe mama yeyote wa mtaani anayeoka keki akukaushie kwenye oveni kwa nyuzi 105. Toa na kupima kila baada ya saa mbili mpaka uzito ukome kupungua. Kilichopungua ni maji. Kipande cha gramu 209 kikibaki gramu 190, kilikuwa na gramu 19 za maji, yaani asilimia 10 ya uzito wake mkavu. Lakini cha maana zaidi ni ngazi ya namba zenyewe. Zikiwa kubwa chini na kupungua kadiri unavyopanda, maji yanatoka ardhini. Zikilingana juu mpaka chini, mvua inapiga ukuta na kupenya. Zikiwa kubwa mahali pamoja tu katikati, tafuta bomba.

Na hapo ndipo tunaingia kwa watoto, maana doa lao ni la bomba au la bafu. Doa la mviringo, usawa wa kifua, lisilojali majira, haliwezi kuwa limetoka ardhini bila kuacha njia yake chini. Kifuani ndipo mafundi wa mabomba huweka koki ya shawa. Ungelipa hizo 185,000, kuta zikatobolewa zote, na doa hilo lingekuwa hapohapo mwaka ujao.

Litafute hivi. Usiku kabla ya kulala funga mabomba yote, hata la tangi, andika namba ya mita ya maji mpaka ile ya mwisho, na asubuhi kabla mtu hajanawa usome tena. Ikiwa imesogea, kuna bomba linalovuja muda wote. Lakini isiposogea usishangilie bado, kwa sababu bomba linalopanda kutoka kwenye koki hadi kichwa cha shawa huwa na maji tu wakati wa kuoga, na mita ya usiku haiwezi kulikamata. Kwa hivyo familia ioge kwa beseni wiki moja, mbali na ukuta huo. Doa likipungua ndani ya penseli, tatizo ni shawa. Wiki ya pili fungulia shawa lakini kinga maji yote kwenye ndoo, yasiguse vigae. Doa likikua, ni bomba ndani ya ukuta na itabidi vigae vivunjwe hapo. Lisipokua, maji yanapenya kwenye viungo vya vigae, na kuvikwangua na kuvijaza upya ni kazi ya siku moja.

Kuvu iliyo nyuma ya kabati naiona kama mtoto wa hayo yote. Ukutani hapo pana baridi ya unyevu, kabati limezuia hewa, na nguo za watoto zikianikwa ndani wakati wa masika zinaongeza. Ukitaka hakika, bandika karatasi ya foili ya ukubwa wa daftari lililofunguliwa, kingo zote zizibwe kwa utepe, uiache siku mbili. Matone yakikaa upande wa chumbani, ni hewa ya chumba inayogeuka maji. Yakikaa upande wa ukutani, ukuta wenyewe ndio unaotoa. Kwa Molo au Eldoret, ambako usiku ni baridi, ningesema moja kwa moja ni hewa. Kisumu ina joto, kwa hivyo nadhani utayakuta ukutani.

Kwa ajili ya kijana, usingoje vipimo. Leo hamisha kitanda chake kwenye chumba kikavu zaidi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, na linasema wazi kwamba wanaoishi humo hupata zaidi matatizo ya kupumua na pumu. Daktari wako aliuliza swali sahihi, rudi umjibu. Kuvu ioshe kwa sabuni na maji, mtoto akiwa nje, wewe ukiwa umefunga pua na mdomo, kisha kitambaa ukitupe. Ukitumia dawa ya klorini, usiichanganye kamwe na siki wala dawa nyingine ya choo, hutoa hewa yenye sumu. Sogeza kabati likae kiganja kimoja mbali na ukuta. Najua kwenu madirisha hufungwa saa kumi na mbili kwa sababu ya mbu, basi weka wavu kwenye dirisha ili lilale wazi. Na tafadhali asikushauri mtu kuingiza jiko la makaa chumbani likaushe ukuta. Makaa hutoa hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini.

Sasa kazi yenyewe, uwanjani.

Kando ya kuta zote zilizoguswa na maramu, ng'oa kabro upana wa nusu mita. Chimba maramu mpaka uwe sentimita 15 chini ya DPC, usiende chini zaidi, wala usiukaribie msingi kwa ukaidi. Huu udongo wetu mweusi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na shimo linaloachwa wazi kando ya msingi kwa majuma linaweza kukuletea nyufa ambazo hukuwa nazo. Chimba upande mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Kuna mafundi watakaokuambia ujaze kokoto na uiache hapo maji yanyonywe. Kwenye mchanga, sawa. Kwenye udongo mweusi maji hayanyonywi, na utakuwa umechimba bwawa refu na kulipanga kando ya nyumba yako. Nimeziona nyumba zilizotengenezewa hivyo, zikawa mbaya kuliko mwanzo. Wewe jenga mfereji wa zege, wa wazi, unaoteremka angalau sentimita 1 kwa kila mita, mpaka utoke nje ya uwanja. Mahali pa kutokea nitaparudia.

Juu ya hilo kuna paa. Hukutaja gata hata mara moja, kwa hivyo nadhani hakuna. Milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1 kamili. Paa la mita za mraba 120, mvua ya milimita 30 ya jioni moja, ni lita 3,600. Hiyo ni mitungi 180 ya lita 20, na kama paa lina miteremko miwili, mitungi 90 inamwagwa mguuni mwa ukuta wa sebule kwa saa moja. Halafu inadundia kwenye kabro na kurushwa ukutani. Weka gata pande zote mbili, maji yaende kwenye tangi, yanayozidi yaende mferejini. Nina hakika kabisa kwamba gata na mfereji zitakupa nafuu kubwa kuliko kemikali yoyote.

Ndani ya nyumba, subiri. Hii ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu ukuta ule unaudhi macho na wageni wanakuja. Bomoa plasta yote iliyolowa mpaka sentimita 30 juu ya mstari wa kahawia, pamoja na ile ngumu ya fundi wa tatu. Plasta yake haikuzuia maji kuingia ukutani. Ilizuia yasitoke, yakatafuta mahali pa kutokea juu yake. Nilifanya kosa hilohilo miaka mingi iliyopita kwenye nyumba moja Kakamega, na mwenyewe aliniita baada ya mwaka kunionyesha unyevu ukiwa dirishani. Bado huwa naikumbuka ile familia. Chumvi inayotokea kwenye matofali ifagie kwa brashi kavu kila wiki na uitupe nje. Usiioshe kwa maji, utairudisha ndani.

Ukuta hukauka polepole, na hesabu ya kimazoea ni mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Wako wa sentimita 20 unataka miezi kama minane. Mfereji na gata zikiwa tayari Juni, utapiga plasta Februari, ambayo pia ni miezi yetu mikavu. Plasta hiyo iwe na chokaa: saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Inashika na bado inaruhusu ukuta kupumua. Chokaa nzuri huchomwa hapa hapa kaunti, Koru, lakini fundi awe macho, kwa sababu kuna chokaa ya kujengea na kuna ile ya shamba. Ya shamba ni jiwe lililosagwa tu, haishiki kitu. Plasta mpya isiguse sakafu, iache nafasi ya sentimita 3 ambayo skatingi itaifunika. Rangi iwe ya maji, ya kawaida, isiyong'aa. Ile ya mafuta usiiruhusu tena kwenye ukuta huo.

Nilisema dawa ya kudunga ina mahali pake. Ukibandua plasta ya nje ukakuta DPC haipo au imechanika, ndipo hutobolewa mashimo kwenye mstari wa saruji, karibu kila sentimita 12, ikajazwa dawa inayofukuza maji. Hata hapo, mashimo lazima yawe juu ya ardhi ya nje, na ardhi lazima ishushwe kwanza. Kampuni yako ilitaka kudunga usawa wa sakafu huku maramu ikiwa imelala juu yake. Waulize mambo matatu, tena kwa maandishi: DPC iko usawa gani, ardhi ya nje iko usawa gani, na mtafanya nini na ukuta wa jikoni ambao ni mkavu. Majibu yao yatakutosha.

Mume wako usimwambie kwamba alikosea. Mtumie namba. Picha ya mpira wa maji ukionyesha sentimita, picha ya penseli na tarehe, daftari la mizani. Kisha umpigie jioni akiwa ametulia, umwambie uwanja wake hauondoki, unatolewa nusu mita tu kando ya ukuta, na kabro zilezile zitapangwa tena ukingoni. Atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama huo mfereji hautakuwa mlango wa mafuriko. Jibu la kweli ni kwamba maji yakirudi kama ya 2024, mfereji utajaa. Utajaa siku hizo chache. Sasa hivi ukuta unakunywa maji masika yote na vuli yote. Jenga kizingiti cha zege mlangoni, kimo cha tofali moja, na hofu yake iwe imesikilizwa.

Imebaki ile sehemu ya kutokea maji, ambayo Nyamasaria si rahisi, maana ardhi ni tambarare na barabara nyingine ziko juu kuliko viwanja. Kabla hujamlipa mtu apime mteremko, mchukue mama mkwe wako asubuhi moja mtembee naye nje ya ua. Mwombe akuonyeshe yale matete yalianzia wapi na yaliishia wapi, na maji yalikuwa yakielekea upande gani yalipokuwa yanapungua. Matete huota panapotuama maji, na maji yalipokuwa yanaondoka yaliondokea pa chini zaidi. Akishanyoosha kidole, piga kigingi mahali hapo, kisha umlete fundi na mpira wake wa maji aanzie kwenye kigingi hicho kurudi nyumbani.